Nyumba imetubana: tukarabati, tuongeze vyumba nyuma, au tuhame?

Mleta mada

Ndugu wadau, salaam. Ninaleta jambo ambalo nyumbani kwetu limezungumzwa kwa mwaka mzima bila kufika mwisho, na ambalo kila likianza huishia kwa mmoja wetu kunyanyuka kwenda kuosha vyombo.

Tunaishi katika nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule, chumba cha kulia chakula, stoo, bafu moja lenye choo humohumo, na jiko lililo nyuma. Tuliinunua miaka 11 iliyopita tukiwa watatu. Leo tuko sita, kwa kuwa watoto wamefika watatu na mama yangu mzazi amehamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga. Jiko halikuwamo katika ramani ya awali. Liliongezwa na mwenye nyumba aliyetutangulia, na hatujui alilijenga juu ya msingi wa namna gani. Juu ya mlango unaotoka chumba cha kulia kuingia jikoni kuna ufa unaopanda mshazari kuelekea dari, ambao nimeuziba kwa lipu mara mbili na mara zote mbili umerudi palepale. Upo mwingine mwembamba chini ya dirisha la chumba cha mbele.

Mimi ninataka kuongeza vyumba viwili nyuma, vikiungana na jiko, kwa sababu kiwanja kina nafasi na fundi mmoja ameshanitajia bei kwa mdomo akiwa amesimama uani. Mke wangu anataka tuuze tuhamie karibu na kazini kwake, kwani hutumia saa 1 na dakika 10 kwenda na muda uleule kurudi. Mama anasema tutengeneze bafu, tupake rangi, mengine tuyaache. Akiba yetu inatosha nusu ya upanuzi, na nusu iliyobaki itabidi tukope. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni mambo gani niyapime kabla hatujachagua.

Jirani Mwema

Sisi tulipanua nyuma miaka sita iliyopita, kwa hiyo nitasema la kwangu kisha niwaachie wataalamu. Kwenye ramani kila kitu kilionekana kimeongezeka. Baada ya kupaua ndipo tulipogundua kwamba dirisha la chumba cha kulia, lililokuwa likitazama uani, limekuwa mlango wa kuingilia sehemu mpya, na chumba ambacho zamani asubuhi kilijaa mwanga kimegeuka ujia wa kupitia. Mpaka leo tunawasha taa humo saa sita mchana, na wakati wa joto hewa husimama kana kwamba mtu amefunga kifuniko.

Msanifu majengo niliyemwita baadaye, yaani nikiwa nimeshachelewa, alinieleza kuwa mwanga wa dirisha huingia chumbani kwa umbali wa takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 litaangaza vizuri mita 4 au 5 tu kwenda ndani, na kinachobaki nyuma ya hapo ni kiza cha mchana. Kwa hiyo chora nyumba yako ilivyo sasa, uweke juu yake upanuzi unaoutamani, kisha upake wino kila dirisha litakalofunikwa. Sisi tulipata vyumba viwili tukapoteza kimoja, na kile kilichopotea ndicho tulichokuwa tukikaa.

Timazi

Ndugu mleta mada, mimi ni mhandisi wa majengo. Wengi watakushauri kuhusu fedha na watakushauri vizuri, lakini mimi naomba turudi kwenye ufa ulioutaja kwa sentensi mbili ukauacha, kwa sababu vyumba unavyotaka kuviunganisha na jiko vitakwenda kuegemea kitu ambacho huenda bado kinatembea.

Nyufa hazilingani uzito. Ule mwembamba kama unywele, usiozidi milimita 1, mara nyingi ni lipu tu iliyokauka haraka, na rangi huuficha. Kuanzia hapo hadi milimita 5 kwa kawaida nyumba inaweza kutengenezwa bila kubomolewa, ingawa inafaa kujua chanzo. Ufa wa kati ya milimita 5 na 15 huanza kukamata milango na kupitisha mvua, nao hutaka kufumua sehemu ya ukuta. Ukizidi milimita 25 tunaanza kuzungumza juu ya usalama wa watu. Hata hivyo upana peke yake haunitoshi. Ninataka kujua ufa una umbo gani na kama bado unakua. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, pale ambapo jengo jipya limeshikana na la zamani, maana yake mara nyingi ni kwamba jipya linazama na kuinamia nje, likivuta kichwa cha ukuta kwenda nalo. Nyumba kubwa ilishakaa chini zamani, udongo wake umeshashindiliwa na uzito wa miaka mingi. Jiko lililokuja baadaye ndilo linaloanza safari hiyo, na mahali pa kushikana ndipo panapopasuka.

Usizibe tena kwa lipu. Chukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kiganja, ukibandike kukatiza ufa kwa gundi ngumu au saruji, ncha moja upande huu na nyingine upande ule, kisha uandike tarehe pembeni kwa kalamu ya risasi. Ukuta ukisogea kioo kitakatika. Kioo, hata hivyo, hukuambia ndiyo au hapana tu, hakikuambii kiasi wala mwelekeo. Kwa hiyo karibu nacho gongelea misumari mitatu midogo inayofanya pembetatu, miwili upande mmoja wa ufa na mmoja upande wa pili, na kila wiki mbili upime umbali kati yake na uuandike daftarini. Fanya hivyo karibu na dari na tena chini. Fanya pia kwenye ule ufa wa chumba cha mbele, ili uwe na kitu cha kulinganisha.

Utanichukia kwa ninalosema sasa: upimaji huu unahitaji kupita msimu wa mvua mmoja na wa kiangazi mmoja. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kwa utulivu kabisa bila kumwambia mwenyewe. Ukipima mwezi mmoja tu utapata jibu la mwezi huo.

Mambo mawili ya kuuliza wakati unasubiri. Maji ya paa la jiko yanamwagikia wapi? Na bomba la maji taka kutoka bafuni linapita wapi kufika kwenye shimo? Sehemu kubwa ya majengo yanayozama niliyoitiwa yalikuwa na maji yanayovuja karibu na msingi.

Mkadiriaji

Kazi yangu ni kukadiria majenzi, na bei iliyotajwa kwa mdomo uani mimi siihesabu kuwa bei. Fundi alikutajia kuta, paa na labda sakafu. Muulize kama ndani yake kuna kuchimba na kusomba udongo, nondo, linta (boriti ya zege inayokaa juu ya milango na madirisha), dari, milango na madirisha, nyaya na soketi, mabomba, vigae, rangi, ada ya kibali cha ujenzi, malipo ya msanifu na mhandisi, na mahali pa kupikia familia yako kwa muda wote ambao ukuta wa jiko utakuwa wazi. Mtake akuandikie mchanganuo wenye vipimo, kila kitu na idadi yake, halafu upeleke vipimo hivyohivyo kwa mafundi wengine wawili. Bila vipimo vinavyofanana utakuwa unalinganisha embe na nanasi. Juu ya jumla hiyo, kwa nyumba ya zamani, mimi huongeza asilimia 20 ya dharura, na sijawahi kurudisha hata robo yake kwa mteja.

Kuhusu mkopo, usitazame rejesho la mwezi peke yake. Tuseme unakopa 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, unalipa kwa marejesho sawa ya kila mwezi kwa miaka 10: utamaliza ukiwa umelipa karibu 194. Kwa hiyo ile nusu ya upanuzi utakayoikopa ni karibu nusu mbili.

Kuhama nako kuna gharama ambazo hazirudi kabisa, na watu huzisahau kwa sababu hazionekani ukutani: asilimia ya dalali, kodi na ada za kuhamisha umiliki, mwanasheria, usafirishaji wa vyombo, na matengenezo ya nyumba mpya, ambayo bila shaka haitakuwa na mapazia yanayolingana na madirisha yako. Zijumlishe zote uziandike kama bei ya kuhama, kisha uone kwa fedha hizohizo ungeweza kufanya nini hapo ulipo. Wakati mwingine jibu hutosha kumaliza mjadala.

Neno la mwisho kuhusu thamani. Nyumba zina dari isiyoonekana ambayo mtaa huziwekea. Ukiongeza vyumba mpaka nyumba yako ikawa ghali kupita zote zinazoizunguka, mnunuzi wa baadaye hatakulipa ulichotumia, kwa sababu mwenye fedha hizo atakwenda kununua kwenye mtaa mwingine. Kama unapanua ili uishi humo miaka 20, jambo hilo lisikusumbue sana. Kama unapanua ukiwaza kuuza baada ya miaka mitatu, basi ni hasara unayoijenga tofali kwa tofali.

Mama wa Mapacha

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili nikitafuta tatizo lenyewe, na sijaliona. Umetaja idadi ya watu, idadi ya vyumba na ufa. Hukusema ni saa ngapi mnabanana, wapi, na nani na nani. Mimi niliwahi kulilia chumba cha nne miaka miwili mizima, kumbe kilichokuwa kikinitesa ni kwamba watu watano walitaka bafu moja katika dakika 50 zilezile.

Bandika karatasi kwenye mlango wa kila chumba kwa wiki mbili. Anayeingia na kukaa zaidi ya dakika 10 aandike saa ya kuingia na saa ya kutoka. Watoto wataifurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani, na watawasimamia wakubwa bila huruma. Mwisho wa wiki mbili kaa na mkeo na mama mzijumlishe.

Na kuhusu mama: yeye ndiye mtu pekee katika habari yako ambaye mwili wake umeshawaambia nyumba inatakiwa iweje. Mlango wa bafu lenu una upana gani? Kigari, yaani kiti cha magurudumu, au kitembezi cha kujishikilia kinahitaji uwazi usiopungua sentimita 80, na mlango ukiwa na 90 ni bora zaidi. Njia mteremko ya kigari hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda hudai sentimita 120 za urefu. Mambo hayo mtayahitaji mkikarabati, mkipanua au mkihama, kwa hiyo yaandikeni kwanza.

Mpangaji Mzoefu

Mimi niko upande wa mke wako, na nasikitika kwamba wachangiaji wanne wamepita juu ya sababu yake kama watu wanaoruka dimbwi. Akihamia mahali ambapo safari ni dakika 25, ataokoa dakika 45 kwenda na 45 kurudi, yaani saa 1 na nusu kwa siku. Kwa siku 5 za wiki na wiki 46 za mwaka, hizo ni saa 345, sawa na siku 43 za kazi za saa nane nane. Hakuna ukarabati wala upanuzi utakaomrudishia hata saa moja kati ya hizo, kwa sababu tatizo lake haliko ndani ya nyumba. Liko kwenye mahali nyumba iliposimama, na mahali hapapigwi lipu.

Jambo jingine ni kwamba mwenye nyumba si hakimu mzuri wa nyumba yake. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo nusu ya watu walipewa vikombe wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani, na nusu nyingine wakaulizwa wangevinunua kwa bei gani. Waliopewa walidai takriban mara mbili ya ile ambayo wengine walikuwa tayari kulipa, na vikombe walikuwa wamevishika kwa dakika chache tu. Wewe umeishika nyumba hii miaka 11.

Mkadiriaji

Mpangaji Mzoefu, hesabu ya saa naikubali yote, lakini hitimisho lake silikubali bado. Kazi hubadilika upesi kuliko nyumba. Mke wa ndugu yetu akipandishwa cheo akapelekwa ofisi nyingine baada ya miaka miwili, watakuwa wamelipa bei ya kuhama ili kuwa karibu na jengo asilofanyia kazi tena.

Mpangaji Mzoefu

Hilo ni kweli, ndiyo maana sikusema auze. Mleta mada ameorodhesha njia tatu na wote tumezifuata kama kondoo. Ya nne ni kupangisha nyumba hii na kwenda kupanga karibu na kazini kwa mwaka mmoja. Wakipapenda, watauza wakiwa wanajua wanachokinunua; wasipopapenda, wamepoteza gharama ya gari la kuhamishia vyombo mara mbili na usumbufu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mnunuzi kwa kawaida huruhusiwa kuingia ndani kwa nusu saa tu, mchana, akiwa na dalali anayeongea muda wote. Mpangaji hulala humo. Mpangaji husikia jirani anavyopiga muziki usiku na huona maji ya mvua yanapita wapi.

Fundi Mwashi

Wakubwa wamesema mengi; mimi nina machache ya mikononi. Usivunje ukuta wowote wa ndani kabla hujapanda darini ukaona kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zimekaa juu ya kuta zipi. Ukuta mwembamba si lazima uwe hauna kazi. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliondoa ukuta ili apanue sebule, na wiki ya tatu dari ikaanza kushuka katikati kama machela.

Kama paa lako la zamani ni la asbesto, usilikate wala usilitoboe, na usimruhusu kijana yeyote alikate kwa msumeno wa umeme ili kupata mahali pa kuungia paa jipya. Vumbi lake husababisha saratani, na maradhi hayo hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka siku ile. Rangi za zamani nazo huenda zina madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978, lakini rangi iliyokwisha kupakwa haikubanduka ukutani kwa sababu ya sheria. Usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Iloweshe kwanza.

Ukijenga, usikubali kuta mpya ziumwe meno na za zamani, yaani tofali zake zipishanishwe na zile za zamani. Sehemu mpya isimame yenyewe kuanzia msingi hadi paa, na kati yake na nyumba ya zamani pawe na mwanya mdogo unaozibwa kwa kitu kinachonyumbulika, ili kila jengo likae chini kwa kadiri yake. Msingi mpya usichimbwe kupita kina cha ule wa zamani, maana utauondolea udongo unaoushikilia. Na zege limwagiliwe angalau siku 7. Nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28, lakini mafundi wenye haraka huondoka siku ya tatu wakisema limekauka. Kukauka ni jambo moja, kukomaa ni jingine.

Mleta mada

Nimerudi mapema kuliko nilivyotarajia, kwa sababu karatasi za Mama wa Mapacha zimenitia aibu. Kwa siku 14, chumba cha kulia chakula kilitumika saa 5 tu, na kati ya hizo saa 3 zilikuwa za kukunja nguo. Chakula tunakula sebuleni, na sikuwahi kulitambua hilo kwa miaka yote. Bafu, kwa upande mwingine, kati ya saa 12 na saa 1 na robo asubuhi halikuwa tupu kwa zaidi ya dakika mbili mfululizo, na binti yangu mkubwa aliandika kwa hati nzuri kwamba baba alikaa humo dakika 24. Stoo iliyo pembeni ya chumba cha kulia ilifunguliwa mara nne.

Vioo nimeshavibandika, vinne. Misumari nayo ipo. Mama ananiuliza kila siku kama ukuta umetembea.

Timazi, swali moja: ikiwa siwezi kupanua nyuma, je, nikipandisha ghorofa?

Timazi

Hapana, angalau si kwa kubahatisha. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya unene wa sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba kimoja tu cha mita 4 kwa 4 kitaweka juu ya kuta zako karibu tani 6, kabla hujajenga ukuta hata mmoja wa juu, kabla ya kitanda na kabati na watu. Nyumba ya chini kwa kawaida haikupigiwa hesabu ya mzigo huo. Kuna namna za kufanya, kama vile nguzo zenye misingi yake zinazobeba ghorofa bila kuzigusa kuta za chini, lakini hapo unajenga nyumba mpya inayopita katikati ya ile ya zamani, na gharama yake ni ya nyumba mpya.

Matokeo ya karatasi zako ni ya thamani kuliko swali hili. Chumba cha kulia na stoo vimekaa bure, viangalieni.

Mleta mada

Ndugu wadau, imepita miezi tisa. Ninarudi kwa sababu si vizuri kuchukua ushauri wa watu na kuondoka nao kimya.

Kioo cha juu ya mlango wa jiko kilikatika wiki ya sita, siku mbili baada ya mvua kubwa. Misumari ya karibu na dari ilikuwa imeachana kwa milimita 4 zaidi ya siku ya kwanza, na ile ya chini kwa milimita 1, sawasawa na alivyoeleza Timazi. Vioo vya chumba cha mbele havijakatika mpaka leo.

Nikafuata swali lake la bomba. Tuliziba tundu la bomba kwenye chemba (kishimo cha kukagulia bomba la maji taka) ya chini, tukajaza maji chemba ya juu mpaka alama niliyoichora kwa chaki, na kabla ya saa moja kuisha maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Tulipochimba kwenye kona ya jiko tukakuta kiungio cha bomba kimeachia, na udongo unaokizunguka ukiwa laini kiasi kwamba fundi alichomeka nondo kwa mkono ikazama karibu mita nzima bila nyundo. Msingi wa jiko ni kozi mbili, yaani mistari miwili, za tofali chini ya ardhi, bila zege. Nilisimama pale nikiutazama huo msingi ambao nilikuwa tayari kukopa ili niuegemezee vyumba viwili.

Bomba limebadilishwa lote na kupitishwa mbali na kuta, na maji ya paa la jiko sasa yanapelekwa mpaka ukingo wa kiwanja. Mhandisi aliyekuja kukagua aliridhika kwamba linta imeshikilia na hakuna hatari kwa sasa, lakini ametaka tuache udongo utulie msimu mzima kabla ya kuamua kama jiko litafungwa misingi upya au litabomolewa. Upanuzi nimeuacha. Stoo imekuwa bafu la pili lenye mlango wa sentimita 90, na chumba cha kulia kimekuwa chumba cha mama. Dirisha lake bado linatazama uani, na Jirani Mwema ajue kwamba niliwaza maneno yake nilipokuwa nikipima mwanga kwa kamba. Vyumba vya kulala vimekuwa vinne bila kuongeza ukuta wa nje hata mmoja, na hatukukopa.

Yote hayo hayakumrudishia mke wangu hata saa moja kati ya 345. Alilisema hilo mwenyewe, kwa upole, siku tuliyomaliza kuweka vigae, na sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo tumekubaliana na Mpangaji Mzoefu: tutaipangisha nyumba hii na kwenda kupanga karibu na kazini kwake kwa mwaka mmoja. Kazi ya kutafuta imekuwa ngumu kuliko tulivyofikiri, kwa kuwa mama huuliza swali moja tu kuhusu kila nyumba tunayokwenda kuitazama, nalo ni kama ina ngazi ngapi. Ya mwisho ilikuwa na tatu, jumla sentimita 45, na kwa uwiano wa 1 kwa 12 njia ya kigari ingehitaji mita 5.4 ilhali uwanja wa mbele una mita 4. Mwenye nyumba anafikiria kama ataturuhusu tuijenge kwa kuikunja kona katikati, na atatujibu wiki ijayo.

Wakati huohuo watu wawili wamekwisha kuja kuitazama hii ya kwetu. Wote nimewapeleka kwenye ule mlango nikawaonyesha ufa na kuwaeleza habari ya bomba. Mmoja hakurudi, mwingine anataka kuingia mwisho wa mwezi. Jana jioni nilibandika kioo kipya mahali pa kile kilichokatika, nikaandika tarehe pembeni kwa kalamu ya risasi, na nimemwomba aniruhusu nipite kila baada ya wiki mbili kukitazama na kupima misumari.